Mashine ya unga ikipungua nguvu, kagua hedi yake

Mashine ya kusaga ni mali kubwa kijijini. Ikifanya kazi, mama anapeleka debe lake la mahindi asubuhi na kurudi na unga kabla jua halijawa kali. Ikisimama, debe hilo lenye uzito wa karibu kilo 20 hubebwa kichwani mpaka kijiji kingine. Au mahindi hutwangwa kwa mchi. Chakula huchelewa. Kikundi chenye mashine nacho hukosa fedha.

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na mashine nyingi huendeshwa kwa mota. Hata hivyo, injini za dizeli bado zinasaga unga katika vijiji vingi vya Tanzania. Nyingine ni za zamani, kama zile za Lister zilizotengenezwa katika mji wa Dursley, Uingereza. Nyingine ni za Kichina, kama S195. Namba hiyo ina maana yake: 1 ni silinda moja, na 95 ni upana wa silinda kwa milimita.

Kazi yangu ni ubwana shamba. Wananchi huniita kwa ajili ya mbegu, mbolea na wadudu wa ghalani. Lakini mkulima akishavuna, anasaga. Kwa hiyo naulizwa pia habari za mashine. Swali moja husikika mara nyingi: "Bwana shamba, mashine yetu haina nguvu tena. Tuiuze?"

Jibu langu ni hili: msiuze kabla hamjakagua hedi. Hedi nyingi haziharibiki kwa siku moja. Huanza kwa dalili ndogo. Kikundi kinachozijua dalili hizo hutengeneza kwa gharama ndogo. Kisichozijua hununua hedi mpya, au hununua injini nzima.

HEDI NI NINI?

Hedi ni kile kipande kizito cha chuma kinachofunika silinda. Mafundi huiita silinda hedi. Katika injini kama Lister ya zamani, hedi iko juu. Katika S195, silinda imelala, kwa hiyo hedi iko ubavuni.

Ndani ya hedi kuna valvu mbili. Moja inaingiza hewa. Nyingine inatoa moshi. Kuna pia nozeli, inayopuliza dizeli. Katika injini zinazopozwa kwa maji, hedi ina njia za maji ndani yake. Kati ya hedi na silinda kuna gasketi, ambayo huzuia hewa, maji na oili visivuje.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni hubana hewa mpaka inakuwa ya moto sana. Kisha dizeli hupulizwa ndani, nayo huwaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alionyesha injini ya namna hii ikifanya kazi vizuri mwaka 1897, na ndiyo maana mafuta yake huitwa dizeli.

Hapa ndipo ulipo umuhimu wa hedi. Hewa ikivuja, haibanwi vizuri. Isipobanwa vizuri, haipati joto la kutosha. Bila joto hilo, dizeli haiwaki vizuri. Mashine hukosa nguvu, hutoa moshi na hula mafuta mengi.

ANZA NA MAMBO RAHISI

Usikimbilie spana. Kwanza kagua kisafisha hewa. Chumba cha kusagia kina vumbi la unga kila siku. Vumbi hilo likiziba kisafisha hewa, injini hukosa pumzi na kutoa moshi mweusi. Kisafishe kwanza.

Pili, kagua dizeli. Je, ina maji au uchafu? Tatu, kagua mkanda. Mkanda uliolegea huteleza, na watu hudhani injini imechoka.

Kama hayo yote ni mazuri na nguvu bado haitoshi, pima mbano wa hewa. Funga dizeli ili injini isiweze kuwaka. Toa mkanda. Kisha zungusha injini polepole kwa mkono, bila kushika kile kishikio cha kupunguzia mbano.

Injini nzima hukuzuia kwa nguvu inapofika mahali pa kubana. Ukiisukuma, hurudi kama springi. Injini inayovuja hupita kwa urahisi. Sasa tega sikio:

Ukisikia hewa ikitoka kwa sauti ya "fsss" kwenye bomba la moshi, valvu ya moshi inavuja.

Ukiisikia kwenye kisafisha hewa, valvu ya hewa inavuja.

Ukiisikia kwenye tundu la kujazia oili, huenda ringi za pistoni zimechakaa. Hapo ubovu hauko katika hedi.

Kama mkono wa kuzungushia unakwama ghafla, usilazimishe. Huenda maji yameingia juu ya pistoni. Maji hayabaniki. Ukilazimisha, utapinda chuma ndani ya injini. Mwite fundi.

DALILI ZA MAJI

Tazama tangi la maji mara tu injini inapowaka asubuhi, ikiwa bado baridi. Je, kuna mapovu yanayopanda? Mapovu hayo ni hewa ya ndani ya silinda inayopita kwenye gasketi iliyoungua, au kwenye ufa. Usichanganye jambo hili na maji yanayochemka baada ya kazi. Maji ya S195 kuchemka ikiwa kazini ni kawaida. Mapovu wakati injini ni baridi si kawaida.

Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiiona, simamisha mashine siku hiyo hiyo. Oili hiyo hailainishi. Ukiendelea kusaga kwa wiki moja tu, unaweza kuharibu beringi na silinda pia.

KUFUNGUA HEDI

Kazi hii ifanywe na mtu aliyekwisha kuona ikifanywa, na watu wawili wakimsaidia. Chagua siku isiyo na upepo wa vumbi. Injini iwe baridi kabisa. Ukifungua hedi ya moto, inaweza kupinda. Maji ya moto nayo yatakuunguza.

Osha injini kwa nje kwanza. Mchanga ukidondoka ndani, utasaga silinda kama unavyosagwa unga.

Mwaga maji yote. Fungua bomba la dizeli na uzibe ncha zake kwa kitambaa safi. Toa bomba la moshi, kisafisha hewa na nozeli. Toa kifuniko cha valvu, vyuma vinavyosukuma valvu na fimbo zake.

Chukua ubao, utoboe matundu, uandike namba. Weka kila fimbo na kila nati mahali pake. Kila kitu kirudi kilipotoka. Vyuma vilivyozoeana havipendi kubadilishwa.

Legeza nati za hedi kidogo kidogo, kwa kuvuka upande huu na upande ule. Usitoe moja yote kisha nyingine. Hedi ikigoma kutoka, igonge taratibu kwa nyundo ya mbao. Usiingize patasi wala bisibisi katikati. Mkwaruzo mmoja unatosha kuleta uvujaji mpya.

Hedi ikitoka, ziba silinda kwa kitambaa safi. Kisha tazama gasketi kabla hujaitupa. Mstari mweusi unaokatiza ukingo wake unaonyesha mahali hewa ilipopitia. Gasketi ya zamani usiirudishe.

SAFISHA, KISHA TAZAMA

Toa masizi kwa kijiti kigumu cha mbao au kwa kipande cha shaba. Osha hedi kwa mafuta ya taa au dizeli, mbali na moto na sigara. Usitumie petroli.

Tazama njia za maji. Unajua ule ukoko mweupe unaokaa ndani ya birika la maji ya chai? Maji yenye chumvi ya kisima huacha ukoko kama huo ndani ya hedi. Ukoko huzuia joto lisiingie kwenye maji. Hedi huchemka, hupinda au hupasuka, hata kama tangi limejaa. Toa ukoko wote unaoweza kuufikia.

Je, hedi imepinda? Chukua rula ya chuma iliyonyooka kabisa. Isimamishe kwa ukingo wake juu ya uso wa hedi. Ipitishe kwa urefu, kwa upana, na kutoka kona hadi kona. Mafundi hutumia vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kama huna, kata kipande cha karatasi ya daftari. Unene wake ni karibu milimita 0.1. Kikipita chini ya rula bila kushikwa, hedi inahitaji kupelekwa karakana ipimwe kwa vifaa kamili. Kipimo cha mwisho ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha injini yako.

Je, ina ufa? Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Fanya hivi. Hedi ikiwa safi na kavu, ipake mafuta ya taa. Subiri dakika chache. Pangusa mpaka ikauke. Kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka na kuchora mstari katika chaki. Tazama sana kati ya viti viwili vya valvu, na karibu na tundu la nozeli. Hapo ndipo joto huwa kali.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ufa wa hedi hauzibwi kwa gundi wala kwa sabuni. Hiyo si kazi ya kijijini. Peleka karakana.

KUSAGA VALVU

Kazi hii inaweza kufanyika kijijini. Bana springi kwa kifaa chake, utoe vishikizo, kisha utoe valvu. Vaa miwani au geuza uso, maana springi hurusha vishikizo kwa nguvu. Weka alama: hii ni ya hewa, hii ni ya moshi.

Tazama kila valvu. Ukingo wake ukiwa mwembamba kama kisu, itupe. Ikiwa imeungua na kuliwa upande mmoja, itupe. Ukiuzungusha mguu wake ukayumba, umepinda. Ukiutingisha ndani ya tundu lake na unacheza sana, tundu limechakaa. Hilo ni la karakana.

Kama valvu ni nzima ila ina vidoa, isage. Nunua kikopo cha pesti ya kusagia valvu. Paka kidogo kwenye ukingo wa valvu tu. Usipake mguuni. Iweke kwenye kiti chake, kisha izungushe kwa kijiti cha kunata, kwenda na kurudi, kama mtu anayepekecha moto. Baada ya mizunguko kadhaa, inyanyue, igeuze kidogo, uendelee. Anza na pesti ya chembe kubwa, maliza na ile laini.

Acha unapoona mkanda wa kijivu uliozunguka wote bila kukatika, kwenye valvu na kwenye kiti. Usiendelee kusaga kwa kupenda tu. Kila unaposaga, valvu huzama, na ikizama sana mbano hupungua.

Sasa osha kila kitu mara mbili, mara tatu. Chembe za pesti zikibaki, zitaingia katika silinda na kuendelea kusaga humo.

Rudisha valvu na springi zake. Geuza hedi, mimina mafuta ya taa katika njia ya hewa na njia ya moshi. Subiri dakika 10. Kama chini ya valvu ni pakavu, kazi ni nzuri. Kama panalowa, rudia.

KUHUSU NOZELI

Nozeli ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia. Usiijaribu kwa kuweka mkono mbele yake. Dizeli hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Alama inaweza kuwa ndogo kama ya sindano, lakini ndani nyama huharibika. Mtu akipata ajali hiyo, apelekwe hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu.

KUFUNGA TENA

Weka gasketi mpya, ya injini hiyo hiyo, kwa upande unaostahili. Kuna mafundi wa haraka wanaoweka gasketi mbili ili kuziba hedi iliyopinda. Usikubali. Gasketi mbili huinua hedi, mbano hupungua, na injini hukataa kuwaka asubuhi.

Kaza nati kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza kidogo, wa pili zaidi, wa tatu kamili. Fuata mpangilio wa kitabu. Kama hakuna kitabu, uliza karakana. Kwa kawaida huanzia katikati kwenda nje, kwa kuvuka. Azima spana yenye kupima nguvu ya kukaza. Mkono wenye nguvu nyingi hukata bolti. Mkono mwepesi huunguza gasketi.

Pima mwanya wa valvu wakati valvu zote mbili zimefunga. Mwanya ukiwa mdogo mno, valvu haifungi na huungua. Ukiwa mkubwa mno, hugonga na kukosa nguvu.

Kama maji yalikuwa yameingia katika oili, badilisha oili yote. Jaza maji safi. Washa injini bila mzigo kwanza. Baada ya saa za kwanza za kazi, iache ipoe, kaza tena nati kama kitabu kinavyoagiza, na upime tena mwanya wa valvu.

KINACHOUA HEDI

Nimeona hedi nyingi zilizopasuka. Mara nyingi habari yake ni ile ile. Foleni ilikuwa ndefu, maji yakakauka tangini, hakuna aliyetazama. Kisha mtu akamimina ndoo ya maji baridi juu ya chuma cha moto. Chuma kikalia "tak!" Sauti hiyo moja inaweza kula akiba ya kikundi ya mwaka mzima.

Maji yakiisha, zima injini. Waombe wateja wasubiri. Acha chuma kipoe chenyewe. Ndipo ujaze maji. Kusubiri saa moja ni rahisi kuliko kutembea na debe kichwani miezi miwili.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Yawekeni pipa lake, lenye kifuniko.

Wekeni pia daftari la mashine. Andikeni saa za kazi kila siku, siku ya kubadilisha oili, siku ya kusafisha kisafisha hewa, na siku ya kupima valvu. Katika kila mapato, tengeni kitu kidogo kwa ajili ya gasketi na valvu. Kikundi chenye daftari hakidanganywi na fundi, wala hakilaumiani.

Hedi ikihitaji kunyooshwa, kukerezwa viti vipya au kuzibwa ufa, ulizeni ofisi ya SIDO ya mkoa wenu. Shirika hilo la viwanda vidogo lilianzishwa mwaka 1973, na lina uzoefu na karakana na mafundi. Mkienda, chukueni hedi, gasketi ya zamani na daftari lenu. Vitu hivyo vitatu vitamsaidia fundi kuujua ugonjwa.

Ndugu msomaji, si lazima kila mwanakijiji awe fundi. Lakini kila kikundi kinahitaji angalau watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua kusikiliza injini, kutazama maji na kusoma kijiti cha oili. Kazi hiyo huchukua dakika 5 kila asubuhi. Ianzeni kesho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mashine yenu ilisimama lini mara ya mwisho? Sababu ilikuwa nini?

2. Nani anatazama maji na oili kila asubuhi? Asipokuwepo, nani anashika zamu yake?

3. Mapovu katika tangi la maji wakati injini bado ni baridi yanaonyesha nini?

4. Kwa nini tusimimine maji baridi katika injini ya moto?

5. Kikundi chenu kimeweka akiba kiasi gani kwa ajili ya matengenezo? Je, inatosha kununua gasketi na valvu mbili?